Nilivyojifunza Kugeuka Uwanjani

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Pili, mama yangu aliuza asali kidogo akaninunulia daluga za mtumba hapa Mtendeni. Mimi huvaa namba 7, lakini yeye alichagua namba 9, akasema, "Mguu wako bado unakua, mwanangu. Hizi zitakufikisha mpaka umalize shule." Nilishukuru sana, maana mpaka siku ile nilikuwa nikicheza pekupeku.

Siku ya mchezo wa mabweni nilijaza matambara mbele ya vidole, nikakaza kamba mpaka miguu ikafa ganzi. Kukimbia moja kwa moja niliweza. Taabu ilikuwa kugeuka. Mguu uligeuka ndani ya kiatu, lakini kiatu chenyewe kikabaki kikitazama kule kule. Kabla hakijaufuata mguu, mshambuliaji wao alikwisha nipita. Tulifungwa bao 1 kwa 0. Wenzangu walisema mimi ni mzito. Sikujibu, kwani kujitetea kungekuwa kumlaumu mama.

Jioni nilizipeleka kwa mzee mmoja, fundi viatu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vaa tuone."

Akakishika kiatu, akaniamuru niinue mguu. Kisigino changu kikachomoka. Akacheka, akasema, "Amri ya kugeuka hutoka kiunoni, ikapita gotini, ikafika unyayoni. Kiatu kilicholegea ni tarishi mvivu: barua hufika kikao kimekwisha."

Kisha akaikunja soli. Ilikuwa ngumu kama ubao. Akanieleza kwamba kiatu chema hukunjika penye mashina ya vidole, lakini katikati hakisokoteki kama kitambaa. Kikiwa kigumu mno, vidole havipati nguvu ya kusukuma ardhi. Kikiwa laini mno, mguu huyumba pembeni. Tena akanionya juu ya yale meno marefu ya chini. Yakinasa katika ardhi, mguu hubaki na mwili hugeuka, na goti ndilo linaloumia.

"Nami siwezi kuifanya 9 iwe 7," akamaliza. "Kamwambie mama yako."

Nilikaa juma zima bila kusema. Nilipomweleza, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona hukusema siku ile ile tulipokuwa tukinunua?" Tukaenda tukabadilishana na namba 7, kuukuu, zenye kiraka. Leo nageuka, na kiatu kinageuka nami.

Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alikosa viatu vya kumkaa vizuri, akakimbia marathoni pekupeku, akashinda. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii amevaa viatu. Basi, ndugu zangu, heri pekupeku kuliko kiatu kisichokukaa. Nanyi wazazi wetu, mnapotununulia viatu, pimeni mguu wa leo. Nasi watoto tuseme mapema panapobana na panapopwaya.