Matembezi ya Ndia Kuu

Zikaribiapo likizo za skuli, watu wa nyumbani huuliza: mara hii tutakwenda wapi? Wenye uwezo hukodi gari wakaenda Diani au Watamu, na hapana ubaya. Lakini si kila nyumba ina nauli hiyo, wala si kila ufuo una sitara ya kumwezesha mama na binti zake kuketi wakapumua. Sisi twaona kisiwa chetu chenyewe kina utulivu wa kutosha, kwa ajuaye saa ya kutoka.

Saa hiyo ni baada ya sala ya alfajiri. Jumapili moja ya likizo iliyopita tulitoka watu saba, pamoja na mama yetu mzazi, aliyekwisha kuvuka miaka 80, mabinti zetu na wajukuu. Mji wa Kale ulikuwa kimya. Maduka yalikuwa hayajafunguliwa, upepo wa bahari ukipita vichochoroni, na milango ya nakshi ikaonekana vyema kwa kukosa umati. Tulipita msikiti wa Mandhry, unaosimuliwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, na hadi leo wasaliwa. Tukawaeleza watoto kwamba Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akawasifu wenyeji kwa dini yao, na akaeleza misikiti yao ya mbao yenye visima mlangoni vya kuoshea miguu.

Penye kibao cha barabara, mjukuu wetu wa darasa la nne akasoma, akasita, kisha akasema, "Babu, wamekosea. Si ndia, ni njia."

Mama akacheka kabla hatujajibu. "Hawakukosa, mwanangu. Ndivyo tutamkavyo sisi watu wa Mvita."

Tangu hapo matembezi yakawa yake. Tulipofika Forodhani akamweleza mtoto kwamba forodha ni ushuru, na kwamba hapo ndipo bidhaa zilipotozwa. Bandarini akasimulia utoto wake: Kaskazi ikivuma, majahazi ya Omani na Ghuba hujaa tele, yakileta tende na papa, kisha yangoje Kusi ili yarudi na boriti za mikoko. Watoto wazijuao meli za makontena za Kilindini tu walisikiliza kimya. Habari za Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, wazisoma skuli. Hizi za mama hawakupata kuzisoma popote.

Tukampandisha mama tuktuk hadi Mama Ngina. Tulitandika mkeka chini ya mibuyu, tukanywa chai kwa mahamri, mawimbi yakipiga majabali chini yetu na meli zikiingia taratibu. Mabinti walistarehe bila ya kusumbuliwa na mtu.

Pale tulimkumbuka Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake ya Kimvita mengi yalibaki vifuani mwa wazee. Ni Mwalimu Sikujua, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor, aliyeyakusanya na kuyaandika. Naye Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau wazee wale wasingeulizwa mapema, mengi yangezikwa pamoja nao.

Kila nyumba yetu ina kifua cha namna hiyo, na mara nyingi ni cha bibi, kwa kuwa ya wanawake hayakuandikwa sana. Mtoto akidhani kwamba lugha ya bibi yake ni makosa, ataona haya nayo, kisha ataacha kumuuliza. Hapo tutakuwa tumepoteza kitu ambacho hakuna skuli wala kitabu kitakachoturudishia.

Basi, akina mama, likizo ijayo tokeni alfajiri. Chukueni mkeka na chupa ya chai, na mfuko wa kurudisha takataka zenu. Mchukueni aliye mkubwa kuliko nyote, mwacheni aseme yeye kwanza, na mtoto mmoja ashike daftari. Wa kwetu ameanza lake, na neno la kwanza aliloliandika ni ndia.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri na afya, nasi atupe masikio.