Nyuma ya Gereji, Katesh
Enzi za ngano, Katesh ilijaa mafundi. Tangu miaka ya 1970 Kanada ilikuwa ikilisaidia NAFCO, shirika la kilimo la serikali ya Tanzania, kulima mashamba makubwa ya Hanang, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarbaig, na trekta au kombaini haikukosa kuharibika. Nyuma ya gereji moja tulikokuwa tukishinda sisi watoto kulikuwa na karai. Fundi aliosha humo bolti na pampu kwa petroli, kwa tina, na mara nyingine kwa dawa ya kuondolea grisi, yenye harufu tamu. Karai likichafuka alituambia, "Mwageni hapo, wanangu, ardhi itakunywa."

Ilikunywa kweli. Udongo wetu mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi, nyufa za kuingiza mkono, na kile kimiminika kilizama papo hapo.

Leo najua mambo kama hayo huishia wapi. Petroli ikifika kwenye maji ya chini ya ardhi huelea. Viyeyushi vyenye klorini vya kuondolea grisi, kama traikloroethilini, ni vizito kuliko maji: huzidi kushuka mpaka vikwame, kisha huvujisha sumu kidogo kidogo kwa miongo. Na visima huchota humo humo.

Zamani tiba ilikuwa kuchimba udongo na kuusomba kwa malori, yaani kumhamishia jirani balaa. Sasa unaweza kusafishwa ulipo. Pampu hufyonza mvuke wa sumu, ingawa udongo wa mfinyanzi haupitishi hewa kirahisi. Kwingine hudungwa molasesi, ile ile wanayolishwa ng'ombe, ili bakteria wastawi pasipo oksijeni. Wale wa jamii ya Dehalococcoides huivua sumu klorini yake mpaka ibaki ethilini, gesi inayoivisha ndizi. Wakikwama njiani hubaki vinili kloridi, mbaya zaidi, hivyo kupima hakukwepeki.

Kuna pia ukuta wa chembe za chuma unaofukiwa kukatiza njia ya maji. Chuma kikiliwa na kutu, sumu huvunjika. Robert Gillham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo waliujaribu Borden, Ontario, mwaka 1991. Huniuma kwamba ni Kanada ile ile. Chembe za chuma sisi tulikuwa nazo tele, chini ya mashine ya kukereza, hatua chache tu kutoka tulipomwaga.

Lakini njia zote hizo hutaka kwanza kujua palipomwagwa. Hakuna daftari lililoandika. Gereji ilivunjwa, kiwanja kikagawanywa, na tope lililoshuka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 likafukia alama nyingi za mji. Mafundi wengi tumewazika. Waliobaki wachache bado wanakumbuka, na halmashauri ingeweza kuwafuata na ramani mwaka huu, kabla hakijachimbwa kisima kingine mtaani pale.