Chanda na Pete

Kutoka Lodwar hata Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi katika nchi kame. Lakini mvua ikinyesha, mbu huzaliwa madimbwini. Mama apelekaye mtoto mwenye homa zahanati hutaka kujua jambo moja: ni malaria, au siyo? Tone la damu hutiwa katika kipimo kidogo, na baada ya dakika 15 au 20 mstari huonekana au hauonekani. Mimi ni mwalimu, si mganga. Lakini mstari ule hunifikirisha, kwa kuwa umesimama juu ya kazi ya usafishaji isiyojulikana na wengi.

Ndani ya kipimo mna kingamwili, nazo ni protini zinasazo protini ya kimelea cha malaria. Hutengenezwa na chembe hai zifugwazo, nazo hutoka zimechanganyika na protini nyingine tele. Zitatengwaje? Chujio hutenga kikubwa na kidogo, lakini protini nyingi hulingana kwa ukubwa. Mwaka 1968, nchini Marekani, Cuatrecasas, Wilchek na Anfinsen waliipa jina njia nyingine: kromatografia ya mshikamano. Mrija hujazwa vipunje vya agarosi, itokanayo na mwani, na vipunjeni hufungwa kitu kinachoshikana na protini itakiwayo kama chanda na pete. Kwa kingamwili, pete hiyo mara nyingi ni protini A, itokayo kwa bakteria aitwaye stafilokokasi. Mchanganyiko humiminwa: kingamwili hushikwa, nyingine hupita. Mrija husuuzwa, kisha hutiwa maji yenye asidi, mshiko ukalegea, kingamwili zikatoka safi. Papo hapo asidi hutulizwa, isije ikaziharibu.

Tazama, ewe kijana: usafi huo haupatikani kwa nguvu, bali kwa kujua kila kitu hushikamana na nini. Lakini mshikamano una mpaka wake, maana pete hukijua chanda chake tu. Nchini Eritrea walipatikana vimelea wasio na protini itafutwayo na vipimo vingi; mgonjwa akawa na malaria, na mstari usionekane. Mwaka 2016 nchi hiyo ikabadili vipimo.

Basi mtoto wa Kakuma apimwapo, anayekisoma kipimo hana budi kujua kinashika nini, na nini hakiwezi kukishika.