Wengine Wako Wapi?

Kuna hii stori wazee hupenda kutupigia: ati zamani muziki ulikuwa na ujumbe, halafu sisi tukakuja tukauharibu. Zilizopendwa upande huu, takataka upande ule. Nimeisikia ndani ya matatu ya 46, nimeisikia kwa kinyozi pale Congo (Congo ya Kawangware, si ile ya Franco), na kila nikiisikia najiuliza: zamani gani hiyo?

Kwa sababu ukirudi miaka ya sitini, twist ya Daudi Kabaka ilikuwa nini kama si vijana kukopa? Jina lilitoka kwa densi ya Marekani. Mdundo ulichota kwela ya Afrika Kusini. Ndani yake kuna lile gitaa la vidole la huko kwetu Magharibi, na juu ya yote Kiswahili cha Nairobi. Mwaka wa 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, likarekodi "Helule Helule" ya Kabaka. Kumbe na wao walikuwa wanakopa huku. Halafu chukua "Lunch Time" ya Gabriel Omolo, ambayo wazee wanaiheshimu kama hotuba. Ujumbe wake? Saa ya lunch imefika na watu wa mjini hawana pesa ya kula. Hakuna kijana wa gengetone asiyejua hiyo hali.

Kwa hivyo mimi habari ya ujumbe siinunui. Kitu naona kimebadilika ni idadi ya watu wanaohitajika ndani ya chumba ili wimbo uitwe wimbo.

George Mukabi wa Kisa, aliyefariki 1963, alihitaji gitaa moja na mtu wa kugonga chupa ya Fanta. Basi. Chupa ya Fanta ya wakati huo ilikuwa na mikunjo, ukiikwaruza inalia kama kayamba. Halafu zikaja bendi. Les Wanyika, waliojitoa Simba Wanyika mwaka wa 1978, walikuwa na gitaa la solo, la rithimu, la besi, ngoma, waimbaji, na kila mmoja alikuwa na kazi ambayo mwenzake hangeweza kumfanyia. Ndiyo maana nyimbo zilikuwa ndefu. Wimbo ulikuwa unagawanywa pande mbili za sahani, maneno upande mmoja, densi upande wa pili, maana huwezi kuita watu sita halafu uwaachilie baada ya dakika mbili.

Baadaye baa zikagundua mtu mmoja na gitaa moja anaweza kukesha na wateja, ngoma zikitoka kwa mashine. Kompyuta ikamaliza kazi. Calif na Ogopa, Nonini, Jua Cali, E-Sir: sauti zetu kabisa, Kiswahili chetu cha mtaa kabisa, lakini nyuma yao prodyusa na biti. Ethic walipotoa "Lamba Lolo" 2018 walikuwa wanne, Sailors wa "Wamlambez" walikuwa watano, ni kama bendi imerudi, ila wote wako kwa maiki. Mikono ya kupiga vyombo ni ya mtu mmoja aliyekaa na laptop. Hata wale wa roki nzito hawakupona. Duma, waliotoa albamu yao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walikuwa Wanairobi wawili tu: mmoja alikuwa anapiga mayowe, mwingine alikuwa na gitaa na mashine, na kelele yao ingetosha watu ishirini.

Sasa kuna mtu mmoja ndani ya hii hesabu ninayemjua. Kaka yake mama, Khotsa kama tunavyoita wajomba kwetu, alipiga gitaa la rithimu kwa bendi ya baa hapa Kawangware. Walikuwa sita. Mwenye baa akawaita mchana mmoja, akawanunulia soda, akawaambia amepata mtu mmoja anayefanya kazi yao yote. Khotsa hakumkasirikia yule jamaa, ile mashine ndiyo alikasirikia. "Haili, haichoki, haiombi fare." Siku hizi ni askari wa usiku ng'ambo tu, Lavington.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na naandika chochote kinacholipwa, pamoja na mistari ya wasanii wasiotaka kujulikana waliandikiwa. Beshte yangu ana studio Gatina: chumba cha mabati, magodoro ukutani, soksi juu ya maiki, na maombi stima isipotee. Siku hizi Arbantone imefanya kila mtu achimbe nyimbo za zamani ili akate kipande ajengee biti. Yeye alitaka gitaa ambalo hakuna mwenye haki zake atakuja kulidai. Nikamwambia nina mtu.

Khotsa alikuja asubuhi moja kwa moja kutoka kazini, shati limepigwa pasi, gitaa ndani ya gunia la mchele. Akatazama chumba. Akatuamkua, akakaa, akatazama mlango.

"Wengine wako wapi?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akatueleza polepole, kama mtu anayeongea na watoto, kwamba rithimu ni kujibu. Solo inasema, besi inasema, wewe unajibu. "Sasa mwiwa, hapa nitamjibu nani?"

Beshte akamvisha hedifoni, akamwekea ngoma. Khotsa akafunga macho. Kwa dakika ya kwanza tu beshte alikuwa amepata alichotaka, akapunga mkono kumsimamisha, lakini mzee haoni, anapiga. Dakika kumi na moja. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho.

"Mzee, hii ni moto," beshte akasema. "Lakini tunahitaji baa nne tu."

"Baa gani?" Khotsa akauliza. Alifikiri amepata kazi nne.

Ikabidi nimweleze. Baa nne ni sekunde 8. Kompyuta inazirudia. Beshte akampa 1,000 na kuahidi kuandika jina lake. Khotsa akashika ile noti, akauliza hizo sekunde 8 zitarudi mara ngapi. Tukahesabu kwa skrini: mara 17. "Basi nimepiga mara 17." Beshte akaanza kueleza vile ukirekodi mara moja umerekodi, na kusema kweli hana makosa, hiyo rekodi ya siku nzima inaweza kumletea 1,500 kama mteja atalipa. Lakini mimi pia hulipwa kwa mstari, na kiitikio changu kimoja kimewahi kurudiwa na watu ambao hawajui nipo. Nikasema mara 17 kwa mia ni 1,700. Kukawa kimya. Jirani alikuwa anakaanga samosa. Mwishowe beshte akatuma 700 kwa M-Pesa.

Wimbo ulitoka. Ni mzuri, na lazima niseme hivyo hata kama mapenzi yangu yako upande wa pili: lile gitaa linaporudi mara ya nne au ya tano mwili unalikubali. Jina la Khotsa lipo, chini kabisa, baada ya namba ya bukingi.

Yeye huo wimbo aliusikiliza mara moja. Aliomba atumiwe zile dakika 11 zote kwa WhatsApp, na usiku akiwa getini ndizo anazoweka. Ananiambia kwenye dakika ya saba ndipo besi ingeingia.