Mahari Yangu, Dhahabu ya Geita na Laptopu Iliyokaribia Mwisho Wake



Leo nakuleteeni kisa changu mwenyewe, hasa nyinyi mabiharusi watarajiwa mnaoniuliza mahari yangu niliifanyia nini. Wengi wenu mnajua nimeolewa bara, Geita, mji ambao ukiutaja tu mtu anawaza dhahabu. Basi mimi mtoto wa Unguja, nimefika penye dhahabu yenyewe, nikasema nataka kununua laptopu. Mama aliguna kwenye simu mpaka nikacheka.

"Mwanangu, mahari ni kitu cha kukaa. Bangili utaiuza hata baada ya miaka thelathini. Hiyo kompyuta itakufia mkononi."

Mama hakukosea. Na mahari ni mali ya mke, Qur'ani imeliweka wazi katika Suratun-Nisaa, hakuna wa kunipangia. Lakini kuwa na haki ya kuamua hakukuondolei wajibu wa kufikiri.

Kazi yangu ni hina, piko na kupamba mabiharusi. Nafanya hapa Geita, na nikiitwa nakwenda mpaka Kahama na Shinyanga mjini, kwa wakwe zangu. Simu ilikuwa imejaa picha, na hesabu za wateja nilikuwa nikiandika nyuma ya kadi za harusi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yangu ilikuwa ikipotea kweli.

Mwezi wa Juni 2025 nikaingia na wifi yangu kwenye duka la laptopu zilizotumika. Nina laki sita na nusu mkononi. Muuzaji akanitolea mbili. Ya kwanza nyembamba, inang'aa kama haijaguswa, bei 380,000. Ya pili ina mikwaruzo ubavuni, bei 560,000. Nikaikamata ile nyembamba. Wifi, ambaye yuko chuo Shinyanga, akaninong'oneza: "Wifi, usitazame sura. Soma namba."

Namba yenyewe ni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Nyembamba ilikuwa na Intel i5-7200U, ya mikwaruzo i5-8250U. Katika namba kama hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: ile ni ya saba, hii ni ya nane. Utaona tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa. Ya saba ile ina viini viwili vya kufanyia kazi, ya nane ina vinne. La pili ndilo zito zaidi. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilikuwa imeshatangaziwa kwamba matunzo yake ya kawaida yatakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa upande wa Intel inapokea kuanzia kizazi cha nane, ukitoa chache za kabla yake. Hii nyembamba haimo. Yaani nilikuwa nataka kutoa mahari yangu kwa kitu kilichobakiwa na miezi minne.

Nikamuuliza muuzaji, "Hii inakubali Windows 11?"

"Inakubali dada, tumeshaiweka."

Na kweli ilikuwamo. Zipo njia za kuruka ule ukaguzi ukaiingiza kwa nguvu. Lakini kwa mashine isiyotimiza masharti, Microsoft haiahidi kwamba marekebisho yataendelea kuja. Hilo hakulisema. Nikaikumbuka hadithi tuliyosomeshwa chuoni tukiwa wadogo: Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, juu pakavu na chini pamerowa, akamkataza muuzaji kuficha. Nafaka iliyorowa inauzika, ila anayenunua lazima ajue kwamba imerowa.

Sikununua siku ile. Usiku nikamsimulia mume wangu. Yeye kabla ya kuja Geita alikuwa dereva kule Buzwagi, Kahama. Mgodi ule ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 uzalishaji ukasita. Akaniambia haukuzimika kama taa. Shimo lenyewe lilikwisha mapema, kinu kikaendelea kusaga mawe yaliyokuwa yamerundikwa. Kila mtu alijua mwisho unakuja. Waliolia, anasema, ni wale waliokopa kana kwamba mgodi hauna mwisho.

"Usiulize kama kitu kitakwisha," akaniambia. "Uliza kitakwisha lini, na kazi yako inataka muda gani."

Nikayapima maneno hayo usiku kucha. Laptopu ya kizazi cha saba haifi tarehe 14 Oktoba. Itawaka, itaandika, itafungua picha, kama kile kinu kilichobaki na mawe yake. Kinachokoma ni ule utunzaji: tundu jipya likigundulika, wezi wa mtandaoni wanalijua na hakuna wa kuja kuliziba. Kuna muda wa nyongeza wa mwaka mmoja, mpaka Oktoba 2026, kwa atakayejiandikisha. Mimi nilihitaji miaka, si mwaka.

Tena mashoga, fikirini ndani ya laptopu yangu mna nini. Mna picha za mabiharusi ndani ya vyumba vya wanawake, nywele wazi, mikono na miguu ina hina mbichi. Wameniruhusu kuzipiga kwa kuniamini mimi. Hiyo ni amana. Niiweke kwenye nyumba ambayo najua karibuni mlango wake hautakuwa na fundi? Niliswali istikhara. Mkwe wangu alinicheka, eti naswali kwa ajili ya kompyuta. Sikuwa naswali kwa ajili ya kompyuta.

Tuliporudi dukani nilinunua ile ya mikwaruzo, tukashushana mpaka 530,000. Na wifi akainunua ile nyembamba! Alimwambia muuzaji waziwazi kasoro yake, bei ikashuka mpaka laki tatu. Yeye amebakiwa na mwaka mmoja wa chuo, anaandika ripoti tu, hana siri ya mtu humo. Akaondoa Windows, akaweka Ubuntu, ambayo ni ya bure na bado inatunzwa. Mpaka leo anaitumia kwa raha. Kitu kile kile kwangu kingekuwa hasara, kwake kimekuwa rizki.

Wala sijidanganyi na yangu. Kizazi cha nane ndicho cha kwanza ndani ya mlango, basi huenda kikawa cha kwanza kutolewa nje zamu ikifika. Mimi nimekihesabia miaka minne. Ile laki na ishirini iliyobaki nimeitia kwenye kibubu, na kila mwezi naongeza elfu kumi na tano, ili siku ikifika nisirudi kwa mume kunyoosha mkono.

Kwa hiyo bi harusi wangu, ukitaka kununua kitu kilichokaribia mwisho, si lazima ukikimbie. Jua mwisho wake ni lini. Jua kazi yako ni ya muda gani na amana ya nani iko ndani yake. Kisha bei ifuate umri uliobaki, isifuate mng'aro.

Mama alikuja kunitazama baada ya Idi. Nikamfungulia daftari langu kwenye laptopu, mwezi baada ya mwezi, nani kalipa na nani bado. Akavaa miwani, akasoma kimya mpaka chini.

"Haya," akasema. "Lakini kibubu cha pili kiwe cha bangili."

Nimekianza, alhamdulillah. Allah atubarikie katika kidogo tulichonacho, na azihifadhi amana zetu. Aamin.