Tairi Likitoka Upepo Njiani

Haraka ina mahali pake, lakini mahali pake si kando ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Hayo tulikuwa tukiyasikia tangu zamani, wala hatukuyatia moyoni mpaka siku yalipotufika sisi wenyewe. Twapenda kuwasimulia ndugu zetu wasomaji, hasa vijana wanaoanza kushika usukani.

Asubuhi moja ya masika tulipata habari kuwa shangazi yetu amefariki Dar es Salaam, na kwamba atazikwa baada ya sala ya Alasiri. Tukaondoka Tanga mara moja pamoja na watoto wetu wawili na mama yao. Tulipokwisha kupita Segera na kushika njia ya Chalinze, tairi la nyuma upande wa kushoto likatoka upepo.

Njia ile hupitwa na malori na mabasi usiku na mchana. Nasi, badala ya kwenda polepole mpaka penye uwanda mgumu, tukasimama papo hapo, penye mteremko na udongo uliolowa. Mawazo yetu yote yalikuwa makaburini. Hatukuweka alama yo yote nyuma ya gari. Tukaingiza jeki, tukainua, na gurudumu lilipokuwa juu ndipo tukakumbuka kuwa nati hazijalegezwa. Tukaivuta spana kwa nguvu zetu zote. Gari likatikisika, jeki ikazama ikalala, na gari likaanguka kwa kishindo. Mwanetu wa kwanza, mwenye miaka 12, alikuwa amechutama pale akitusaidia. Lilianguka shibiri moja tu kutoka mguuni pake.

Mzee mmoja, dereva wa lori, akasimama. Hakutucheka. Aliuliza kulikoni, tukamweleza habari ya maziko. Akasema, “Mwanangu, huko mna maiti mmoja. Msipeleke wa pili.”

Kisha akatuonyesha kazi kwa taratibu yake.

Kwanza, alituamuru tulisogeze gari polepole mpaka mahali pa tambarare, hata kama tairi litaharibika, kwa kuwa tairi hununuliwa jingine. Aliwatoa watu wote garini, akawasimamisha mbali na barabara. Pembetatu ya kuonya akaiweka yapata hatua 50 nyuma yetu.

Pili, alivuta breki ya mkono, akatia gia, akaweka jiwe kubwa mbele na nyuma ya gurudumu la mbele la upande wa pili.

Tatu, alizilegeza nati kidogo, gurudumu likiwa bado chini. Ndipo alipotandika kipande cha ubao, akaweka jeki juu yake, mahali hasa palipoonyeshwa na kitabu cha gari. Tairi la akiba akalilaza chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikiteleza gari lipate cha kuangukia. Wala hakuingiza mkono wala mguu chini ya gari.

Nne, alitoa gurudumu bovu, akalilaza badala ya lile la akiba, akatia jipya na kukaza nati kwa mkono. Akaondoa lililolazwa, akashusha gari, na hapo tu akazikaza kwa spana, moja kisha ile inayoielekea, si kwa kuzunguka. Akatuusia tuzikaze tena baada ya kwenda kilomita 50 hivi.

Kazi yote haikuchukua nusu saa. Haraka yetu ndiyo iliyokuwa imetupotezea wakati.

Tulifika Dar es Salaam karibu na Magharibi, kaburi limekwisha kufukiwa. Kesho yake tulizuru, tukamwombea marehemu, na mwanetu amesimama kando yetu kwa miguu yake miwili. Hakuna aliyetulaumu kwa kuchelewa.

Tangu siku hiyo twapima upepo wa tairi la akiba kila mwezi, na ubao umo ndani ya buti daima. Tena tumewafundisha watu wote wa nyumbani, wake kwa waume, kubadili gurudumu uani petu, mahali pasipo lori wala hofu. Nanyi wasomaji wetu, fanyeni hivyo siku ya mapumziko, kabla njia haijawafundisha. Mwenyezi Mungu atulinde sote katika safari zetu.