Mnana wa Mirihi na Nyasi za Dakatcha

Nilipokuwa mdogo Kilifi, mnana alikuwa ndege wa uani. Wale wa manjano walifuma viota kwenye makuti ya minazi na kupiga kelele kutwa, na hakuna mtoto aliyehitaji kufundishwa wanalala wapi. Nilikuwa kijana tayari, nikiandamana na waongozaji wa wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, nilipoonyeshwa ndugu yao wa porini: mnana wa Clarke, ambaye dume lake lina kichwa cheusi na tumbo la manjano. Huyu hana haja na minazi wala na watu. Dunia nzima, makazi yake ni Kaunti ya Kilifi peke yake. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, na mpaka siku hizo hakuna aliyekuwa ameandika habari za kiota chake.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, na si wote unaomfaa. Kwenye udongo mwekundu kuna kichaka kizito, makao ya bundi mdogo wa Sokoke. Mnana huyu hupenda ukanda wa miti ya mirihi, penye mchanga mweupe na miti iliyoachana kiasi cha kupitisha jua. Hupita juu vileleni kwa makundi, mara nyingi akiwa na ndege wa aina nyingine, akidokoa viwavi na wadudu majanini na matawini. Ukitaka kumwona, unatega sikio, kisha unainua darubini na kuvumilia maumivu ya shingo. Kundi likishapita, msitu unanyamaza, nawe unaweza kushinda mpaka magharibi usilione tena.

Waongozaji walionitangulia walijua kwamba kuna miezi ndege huyu haadimiki tu, bali hupotea kabisa. Wenye kubahatisha walisema anataga juu kabisa kwenye mirihi, ambako jicho halifiki. Dhana hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa kila aliyemwona alimwona mtini. Kwa hiyo macho ya watafutaji yalibaki juu, kizazi baada ya kizazi.

Jibu lilikuwa ng'ambo ya Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, katika mapori ya Dakatcha. Mwaka 2013, karne nzima tangu ndege huyu apewe jina, wahifadhi wa vijiji vya huko pamoja na wapenzi wa ndege walikuta viota vyake. Havikuwa mtini. Vilikuwa chini, vimefumwa kwenye nyasi za jamii ya ndago zilizoota ndani ya kinamasi cha msimu, maji yakiwa yametanda chini yake. Ndege wa vileleni alikuwa anashuka mpaka usawa wa magoti ya mtu ili kulea makinda.

Nilipofika Dakatcha baadaye, wenyeji walinipeleka pembeni mwa kinamasi kimojawapo. Kilikuwa kikavu. Mzee aliyetuongoza alisema, "Mwanangu, hapa mvua ikikataa, na ndege anakataa." Maneno yale yalinifungua macho kuliko kitabu chochote. Mnana huyu anahitaji vitu viwili kwa pamoja: mirihi ya kumlisha, na bwawa la mvua lenye nyasi za kushika kiota. Kimoja kikikosekana, kingine hakimsaidii.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Arabuko-Sokoke una askari wa misitu na mipaka inayojulikana. Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya jamii isiyo na ulinzi huo. Miti imekatwa kwa makaa, pori limefyekwa kwa mashamba ya mananasi, na palikuwa na mpango wa kusafisha maelfu ya hekta ili kulima mbono kaburi wa mafuta. Wananchi na wahifadhi waliupinga mpaka ukakwama. Kama ungepita, huenda tungepoteza mahali pa kuzalia kabla hatujapajua.

Tangu viota vipatikane, mazungumzo yamebadilika. Zamani mgeni aliuliza tu ni wapi atamwona mnana. Sasa huuliza pia kama mvua imenyesha Dakatcha. Shirika la Nature Kenya limenunua sehemu ya ardhi huko ili ihifadhiwe, na vikundi vya vijiji hufuatilia vinamasi mvua zinapokuja. Vijana wa Kigiriama wanaweza kumweleza mgeni ni nyasi ipi ndege anaishika na kwa nini haifai kuchungia mifugo wakati wa makinda.

Hayo ni mema, na hayatoshi. Kinamasi kinachokauka nusu mwaka huonekana kama shamba linalongoja jembe, na mkulima mwenye njaa hana sababu ya kukiacha kama hapati chochote kwa kukitunza. Anayempenda mnana huyu aanze na mkulima huyo: ampe njia nyingine ya kipato kabla ya kumwomba asilime.